Kumpelekea Hamisi Habari

Mwezi uliopita mume wangu alirudi kutoka safari ya kikazi na dumu la asali ya Tabora, ile nyeusi inayonukia moshi. Alipolifungua jikoni ili nionje, ilibidi nivute kiti nikae. Yeye alidhani asali imechacha. Nikamwambia haina neno, aniache tu kidogo peke yangu. Harufu ile ilikuwa harufu ya koti la babu yangu, na sikuwa nimeisikia tangu utoto.

Nililelewa na babu mzaa mama, mjini Urambo, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma nyuma ya stesheni. Mama alinifikisha pale kabla sijaanza shule, akaenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Bibi alikuwa ameshafariki. Basi tukabaki wawili: mzee asiyesema, na mtoto anayejiuliza amekosa nini hata akaachwa. Nakumbuka jioni za miezi ile ya mwanzo kuliko kitu kingine chochote. Moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku ulishuka juu ya mji, ukaingia hadi ndani ya nguo. Babu aliwasha redio, akasogeza sikio la kulia karibu nayo, na mimi nikakaa mlangoni kusikiliza treni. Kila treni iliyotoka upande wa Tabora niliamini imemleta mama. Ikipita kwenda Kigoma bila mtu kubisha hodi, niliingia ndani nikalala.

Jina lake lilikuwa Maganga. Alikuwa mrina asali. Mizinga yake ilitundikwa mbali huko porini, juu ya miombo, na msimu ukifika alikwenda na baiskeli akakaa huko siku nyingi, mimi nikabaki kwa jirani yetu Mama Tatu. Sikio lake la kushoto halikusikia kabisa. Mtaani walisema, "Sikio la mzee yule lilikwenda na mzinga, vita vya Kagera." Sasa mimi mizinga niliyoijua ni ile ya babu, magogo yaliyotobolewa na kujaa nyuki. Nikaelewa, bila mtu kunifundisha, kwamba babu alikwenda vitani na nyuki. Niliwaona kabisa wale askari wa Amini wakikimbia kwenye migomba huku wamejifunika mashati kichwani, na nyuki mmoja mwenye hasira, aliyekosa njia, akaingia kwenye sikio la babu na hakutoka tena.

Niliisimulia habari hiyo darasa la kwanza kwa fahari kubwa. Mwalimu alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akanichorea ubaoni mzinga wa kivita. Lilikuwa bomba tu juu ya magurudumu. Watoto wote walicheka. Niliutazama mchoro ule nikahuzunika, kwa sababu vita vya nyuki vilikuwa vizuri zaidi.

Babu hakuwa mkali. Hakunipiga hata mara moja. Alinipikia uji, akanishonea mfuko wa madaftari kwa kitambaa cha gunia, na nilipougua malaria alinibeba mgongoni hadi zahanati kama mtoto mchanga. Lakini maneno hakuwa nayo. Ukimuuliza jambo alijibu kwa neno moja, akarudi huko alikokuwa. Ilikuwa kama kuishi na mtu aliye ng'ambo ya mto: unamwona, anakuona, mnapungiana mikono.

Siku aliyokuwa na maneno ilikuwa Ijumaa. Ijumaa jioni alioga, akavaa lile koti, akajaza asali kwenye kibuyu kidogo, na tukavuka reli kwenda kwa Bibi Nyamizi. Alikuwa ajuza wa Kiislamu, mwembamba, macho yake yameanza kuingia ukungu, anaishi peke yake kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyozungukwa na mihogo. Babu alimpasulia kuni, akamtekea maji bombani, akakagua paa. Kisha walikaa ukumbini wakazungumza Kinyamwezi kwa sauti ya chini, mimi nikila ubuyu. Kinyamwezi changu kilikuwa nusu, maana mama alinilea kwa Kiswahili. Lakini salamu yao niliijua.

"Umekuja, baba?" Bibi Nyamizi aliuliza akisikia baiskeli.

"Nimekuja, mama."

Kwa hiyo nilijua: huyu ni mama yake babu. Nilimwamkia shikamoo kwa adabu zaidi ya wengine, maana nani mwingine mjini alikuwa na bibi mzaa babu aliye hai? Mkono wake ulipita usoni mwangu ukinitazama kwa vidole. "Marahaba, mjukuu wangu. Unakua. Babu yako anakulisha?"

Mama alipokuja likizo ya Desemba nikamwomba twende tukamsalimie mama yake babu. Mama alikuwa anasuka nywele zangu. Akaacha mkono hewani.

"Mama yake babu alikufa mimi sijazaliwa," alisema. "Yule ni mama yake Hamisi."

"Hamisi ni nani?"

Ndipo aliponieleza, kwa kifupi, kama mtu anayepita penye matope. Hamisi alikuwa rafiki yake babu, mdogo kwake kidogo, mtoto wa pekee. Babu alikuwa amewahi kuwa askari wa mizinga, na vita vilipoanza akaitwa tena. Hamisi akataka kumfuata. Mama yake akakataa. Babu akaenda mwenyewe kumwombea: "Mama, niachie. Nitamrudisha mwenyewe hapa mlangoni." Akarudi peke yake.

"Alikufaje?"

"Sijui. Babu yako hajawahi kusema. Hata mimi hajaniambia."

Mama aliendelea kusuka, akanivuta nywele mpaka nikalia. Alisema kwamba Bibi Nyamizi hakumfungulia babu mlango kwa miaka. Babu alipeleka kuni, akaziweka nje. Bibi akazitupa barabarani, na watu wakapita wakiziokota. Ijumaa iliyofuata akapeleka nyingine. Ikawa hivyo mpaka mji ukazoea. Halafu mvua moja ya upepo ikang'oa paa la bibi. Babu hakubisha hodi. Aliegemeza ngazi akapanda na kuanza kupigilia mabati. Ngazi ilikuwa mbovu, ikayumba. Bibi Nyamizi akatoka ndani, akaishika kwa mikono miwili, akaishikilia mpaka alipomaliza. Hawakusemezana siku hiyo. Ijumaa iliyofuata mlango ulikuwa wazi.

Baada ya kuambiwa hivyo niliwatazama kwa macho mengine, lakini upendo wangu kwao haukupungua. Nilizidi kuvuka reli kwa furaha, kwa kuwa kule ndiko babu alikoongea.

Nilikuwa darasa la nne Bibi Nyamizi alipoanza kuishiwa nguvu. Macho yalikuwa yameshapofuka kabisa. Jambo moja alilirudia kila Ijumaa, na kwa kuwa alilisema kwa Kiswahili nadhani alitaka na mimi nishuhudie.

"Maganga, nipeleke nikaliguse kaburi la mwanangu. Sitaliona, lakini nitaligusa."

"Nitakupeleka, mama. Ngoja mvua ziishe."

Mvua zikaisha. "Ngoja nirine asali ya msimu huu, mama, tupate nauli." Nauli ilikuwepo. Nilijua ilipo, ndani ya debe chini ya kitanda. Kwa akili ya kitoto nikadhani babu anaogopa meli ya kuvuka ziwa kwenda Kagera.

Babu alikuwa porini Bibi Nyamizi alipofariki. Alikufa alfajiri, na kwa desturi ya Waislamu akazikwa siku hiyohiyo, mara tu ndugu zake walipofika kutoka Nzega kwa gari. Hakukuwa na namna ya kumpata babu. Huko alikokuwa simu haikushika na njia ilikuwa ya miguu. Nilikwenda na Mama Tatu, nikasimama na wanawake uani. Babu alirudi siku ya pili yake, baiskeli imeelemewa na madumu ya asali, nyuki wachache bado wakimfuata. Mama Tatu alimsimamisha njiani akamwambia. Hakushuka hata kwenye baiskeli. Aligeuza, akavuka reli vilevile alivyo, na mimi nikakimbia nyuma yake.

Uani wanaume walikuwa wameketi mkekani. Mpwa wa marehemu, mwanamume wa makamo mwenye kofia nyeupe, aliinuka kumpokea. Hakuwa mtu mbaya, hakumjua tu.

"Karibu, mzee. Wewe ni nani kwa marehemu?"

Babu alifungua mdomo. Niliona neno linakuja, likarudi.

"Jirani," alisema.

Wakampa nafasi mwisho wa mkeka, karibu na mlango, pale wanapokaa watu wa kupita. Alikaa na koti lake la moshi, nyuki mmoja akitambaa begani. Hakuna aliyempa mkono wa pole. Ukiwa nilioujua kwa miaka yote ya kusubiri treni, siku ile niliuona umekaa ndani ya mtu mwingine, na ulikuwa mkubwa kuliko wangu.

Baada ya arobaini alitoa lile debe chini ya kitanda.

"Kalunde," aliniita, "vaa viatu vya shule. Tunakwenda Kagera."

"Kufanya nini, babu?"

"Mtu amefiwa na mama yake. Lazima aambiwe."

Tulipanda treni hadi Tabora, na nyingine hadi Mwanza, kisha meli. Babu hakuogopa meli hata kidogo. Alikaa kwenye benchi la mbao, mkono wake umeshika kola ya gauni langu ili nisidondoke majini. Upande wa pili wa ziwa tulipanda basi, migomba kushoto na kulia, kijani tupu, na nikatafuta kwa siri dalili za nyuki.

Makaburi ya askari yalikuwa meupe na yamepangwa kwa mistari, kama askari wenyewe waliojipanga gwaride wakaambiwa walale. Kijana mwenye sare aliyekuwa akilinda alimwuliza babu alikuwa kikosi gani. Babu akamjibu. Yule kijana akabana visigino, akampigia saluti, pale kwenye jua, mbele yangu mimi tu. Babu akaipokea, na kwa mara ya kwanza nikamwona akiwa kijana.

Tulitafuta jina kwa muda mrefu. Macho ya babu hayakuwa mazuri, kwa hiyo nilisoma mimi, kwa sauti, kaburi baada ya kaburi. Kila jina nililolisoma aliitikia kwa kichwa, mengine akasema, "Huyo namjua." Nilipolisoma la Hamisi hakuitikia. Akavua kofia, akapiga magoti kwa shida, akaanza kuongea Kinyamwezi.

Nilielewa mwanzo. Alitoa salamu. Alisema mama amefariki, akataja ugonjwa, akataja siku, akasema amezikwa vizuri na ndugu zake, kama inavyotakiwa kumweleza mfiwa. Kisha sauti ikabadilika, maneno yakawa mengi na ya haraka, yakanipita. Neno moja tu nililidaka, kwa sababu alilirudia mara nyingi: *minzi*. Maji. Babu anataka maji. Na jua lilikuwa kali kweli. Nikakimbia kwa yule mlinzi, akanipa kikombe cha bati kimejaa kutoka bombani, nikarudi polepole nisimwage.

"Babu, maji."

Alinigeukia. Sijawahi kuona uso kama ule tena, hata sasa nikiwa mtu mzima niliyezika watu wangu. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili. Hakunywa. Aliinama akayamimina juu ya kaburi, taratibu, kuanzia upande wa kichwa, mpaka tone la mwisho, na saruji ikayanywa palepale. Kisha akalia kwa sauti, mtu mzima yule, kifua kikipanda na kushuka. Mimi nilinuna. Nilidhani maji yalikuwa machafu.

Tulipokuwa tunarudi, kulipopambazuka melini na milima ya Mwanza ikaanza kuonekana, akaniuliza, "Kwa nini ulileta maji kule?"

"Nilisikia unaomba."

Akanihamishia upande wake wa kulia.

"Sikuwa naomba. Nilikuwa namweleza Hamisi." Akaliangalia ziwa. "Tulikuwa juu ya kilima. Tulipiga mizinga tangu asubuhi, chuma kimekuwa cha moto huwezi kukigusa. Hamisi akasema, 'Maganga, kiu itaniua kabla ya adui.' Tukacheka. Nikachukua vyombo nikashuka bondeni kwenye kijito. Niko huko chini, kombora likaanguka juu."

"Hamisi akafa?"

"Wote waliokuwa pale. Lakini mimi sikujua. Nilijua, lakini sikutaka kujua. Nikapanda na yale maji. Nilipanda kwa uangalifu, Kalunde, kama wewe ulivyokuja na kikombe. Nikayafikisha. Hapakuwa na wa kumpa."

Niliuliza swali ambalo mtoto tu angeuliza. "Ukayafanyaje?"

"Niliyanywa," alisema babu. "Nilikuwa na kiu. Nilikaa pale nikanywa maji ya Hamisi yote. Hilo sikumwambia mama yake. Ningemwambiaje?"

Nilichukua mkono wake nikaurudisha kwenye kola yangu, ulikokuwa wakati wa kwenda, na tukakaa hivyo hadi meli ilipotia nanga.

Ningependa kusema kwamba baada ya pale alibadilika akawa mtu wa vicheko. Alipungua, ndivyo ilivyokuwa. Ijumaa ilipofika alioga, akavaa, akakaa barazani hana pa kwenda. Mara nyingine alinisimulia vitu vidogo: jinsi babu yake alivyokuwa mpagazi wa misafara, akatembea kwa miguu hadi pwani na mzigo begani, na akarudi, kwamba watu wetu ni watu wa kwenda na kurudi. Msimu wa asali ulifuata na hakwenda porini. Akasema nyuki wanaweza kujitunza.

Alikufa mchana, mvua za kwanza zikiwa zimenyesha. Nilirudi kutoka shule nikamkuta kwenye kiti cha barazani, kidevu kifuani. Nikamwamkia kwa upande wa kulia, hakuitika, nikaona amelala. Nilipika ugali na mlenda, nikamfunikia chakula chake. Nikala peke yangu. Nikakaa miguuni pake nikafanya hesabu za shule, nikimfukuzia inzi kwa daftari. Nilifurahia ukimya wetu siku ile. Nilikuwa nimeshauzoea, ulikuwa nyumba yangu. Mama Tatu alikuja kuomba chumvi. Akamtazama babu, akanitazama mimi, kisha akaniambia kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "Mwanangu, njoo huku kwangu kidogo."

Mama aliwahi kufika mazishini. Hakukuja askari, wala bendera, wala mtu wa kupiga tarumbeta. Padri alisoma, majirani wakaimba. Wanaume waliposogea kushusha jeneza, yule mpwa wa Bibi Nyamizi alijitokeza na kofia yake nyeupe. Alikuwa amesafiri tangu Nzega alfajiri. Akavua viatu, akasema, "Niacheni niingie mimi. Huyu ni wa kwetu, tulichelewa kuambiwa." Akashuka kaburini kumpokea.

Wiki iliyofuata mama alifunga nyumba, akanichukua. Tulikaa dirishani kwenye treni ya kwenda Tabora. Misitu ya miombo ilipita, mashamba ya tumbaku yakapita, na mama hakusema kitu. Nikaona amefanana sana na baba yake. Hatimaye akauliza, bila kunitazama, "Mlikuwa mnaongea nini, wewe na yeye?"

"Hakuwa anaongea sana."

"Najua. Lakini kidogo alichosema?"

Basi nikamweleza. Nilimweleza kaburi, kikombe cha bati, kilima, kijito, na maji aliyoyapandisha na hakuna wa kumpa, akayanywa. Nilipofika hapo mama akageuka ghafla.

"Siku aliyorudi vitani," alisema, "mimi nilikuwa mdogo kuliko wewe. Nilimwona anatoka stesheni. Nikakimbia ndani, nikachota maji kwenye mtungi, nikampigia goti pale mlangoni kama nilivyofundishwa. Nilikuwa nimemngoja sana. Akayatazama yale maji, akanipita." Alifuta shavu kwa upindo wa kanga. "Miaka yote hii nilidhani ni mimi."

Treni ilipunguza mwendo. Watu wakaanza kushusha mizigo.

"Rudia tena," mama akasema. "Rudia pale aliposhuka kijitoni."

Nikarudia.